Fimbo Chini ya Kitanda

Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, mshikaji niliyepangiwa naye chumba aliinama kutafuta ndoo chini ya kitanda changu. Akaibuka na fimbo tatu za gofu, msumeno wa chuma na mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu kama kanda. Akaviweka kitandani, akanitazama kama askari aliyekamata magendo.

"Kaka, si ulisema kwenu Shinyanga?"

"Ndiyo. Maganzo."

"Sasa gofu ya wapi? Mzee wako ni waziri?"

Mzee wangu anauza vipuri vya baiskeli. Fimbo zile sikuzinunua, na mpaka leo sijawahi kuingia duka la vifaa vya gofu. Nilizitengeneza mwenyewe nyumbani: vichwa kutoka kwenye skrepa, mabomba kutoka kwenye skrepa nyingine, vishikio kutoka dukani kwa mzee. Tangu siku hiyo swali la "gofu ya wapi" nimeulizwa mara nyingi pale vimbwetani, na kila mara nalijibu kwa utani kwa sababu watu wanataka kucheka. Safari hii nataka kulijibu lote. Lina sehemu moja iliyotokea TP mwaka jana ambayo sijamsimulia mtu yeyote hapa chuoni.

Maganzo ipo kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na Mwadui. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi pale Mwadui. Mwaka 1947 mgodi wake ukatoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu, ile aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, kabla hajawa malkia. Pembeni ya mgodi ukajengwa mji mzima: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, uwanja wa ndege. Na uwanja wa gofu. Kwa hiyo gofu ya kwetu ni ya zamani kuliko wazazi wetu, ila sisi tulikuwa upande wa kubeba.

Babu mzaa baba alikuwa kedi ujanani. Kazi yake ilikuwa kubeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine, kutafuta mpira uliopotelea vichakani, na kukaa kimya mwenye mpira anapopiga. Fimbo ikivunjika, mwenyewe aliitupa au alimwachia kedi. Babu alikuwa na vichwa viwili vya namna hiyo, namba 7 na namba 9, amevifunga kwenye gunia chini ya kitanda chake. Ndiyo, na yeye alizificha chini ya kitanda. Nadhani ni ugonjwa wa ukoo.

Nilipokuwa darasa la nne alinitolea kile cha namba 7. Hakikuwa na bomba. Akanipeleka kwenye ngitili ya bibi. Wasiotoka Usukumani: ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mifugo isiingie, ili majani na miti vipumue mpaka kiangazi. Miti ilikuwa imefyekwa sana Shinyanga, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulisaidia watu kuzirudisha ngitili zao. Bibi alikuwa mkali wa ngitili yake kuliko wa jikoni kwake. Tulikata tawi moja tu la mkole, kwa ruhusa, mbele ya macho yake.

Mkole ni mti wa fimbo. Unapinda na kurudi, haukatiki kijinga. Babu aliukausha kivulini karibu mwezi mzima, akauchonga ncha iingie kwenye shingo ya kile kichwa, akatoboa tundu na kupitisha msumari kama riveti. Kishikioni akazungusha mpira wa baiskeli. Nilipokuja kusoma habari za gofu baadaye, niligundua kwamba hakuna ushamba wowote pale. Kwa miaka mingi dunia nzima ilicheza kwa mipini ya mti, na wasimamizi wa mchezo kule St Andrews, Scotland, waliruhusu mabomba ya chuma mwaka 1929 tu. Babu hakujua hayo. Alichofanya kabla ya kukata ni kunisimamisha wima uani, mikono ikining'inia, akapima kwa kamba kutoka kwenye kiwiko cha mkono, hapa penye saa, mpaka chini.

"Fimbo ya mzungu ukiipiga wewe, unakuwa unacheza mzungu," aliniambia. "Hii itakuwa ya kwako."

Mpira wa kwanza ulienda kama mita hamsini, ukatumbukia kwenye majaruba ya jirani. Sijawahi kupona.

Nikiwa kidato cha tatu ndipo nilianza kutengeneza kwa akili badala ya kwa bahati. Wenye skrepa pale barabarani walikuwa wakinipigia kelele wakiona chuma cha ajabu: "Dogo, kijiko chako hiki hapa!" Walikuwa wanapima kwa kilo, hawajui ni nini, na mimi sikuwaambia.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani ni kuchomelea tu. Fimbo ya gofu ina vitu vitatu: kichwa, bomba na kishikio. Kutoa kichwa kwenye bomba lililopinda unaipasha moto shingo juu ya mkaa taratibu mpaka gundi ya zamani ilegee, unazungusha, kinatoka. Bomba jipya unalikwangua ncha kwa msasa mpaka ing'ae, unachanganya ile gundi ya mirija miwili nusu kwa nusu, unapaka, unaingiza, unaacha siku nzima. Siku nzima kweli. Mara ya kwanza nilisubiri saa tatu kwa sababu ya kiherehere. Kichwa kikachomoka hewani, kikapita juu ya ukuta na kuua jogoo wa mama mmoja mtaa wa pili. Mama yangu alilipa jogoo, na mimi nikalipa kwa kuchota maji mwezi mzima.

Halafu kuna hesabu. Kwenye seti ya kawaida, fimbo za chuma zinapungua urefu kama nusu inchi kila namba inavyopanda. Namba 7 ya mtu mzima ina kama inchi 37, namba 8 ina 36 na nusu. Lakini vichwa vinaongezeka uzito, kama gramu 7 kila namba. Uso nao unazidi kulala, kama nyuzi nne kila namba, ndiyo maana namba kubwa inapandisha mpira juu na kuudondosha karibu. Fimbo fupi ina kichwa kizito, ndefu ina kichwa chepesi, na mkononi zote zinatakiwa zijisikie ndugu. Ukikata bomba bila kurekebisha kichwa, fimbo inakuwa kama haina kitu mbele.

Mimi nilikuwa naongeza uzito kwa chubwi, risasi zile za nyavu za wavuvi, napondaponda kwa nyundo mpaka iwe bapa na kuibandika nyuma ya kichwa. Siiyeyushi, maana moshi wa risasi ni sumu, na nikimaliza nanawa. Bomba likiwa fupi, nachonga kigingi cha mkole, nakiingiza juu kabisa kwa gundi, na kishikio kinafunika kiungo. Kujua kama kichwa kimekaa sawa na mtu, napaka masizi kwenye ubao, mtu anapiga juu yake, kisha nageuza fimbo naangalia masizi yameshika wapi. Yakishika kisiginoni, kichwa kimesimama mno kwa mtu huyo. Yakishika upande wa mbele, kimelala mno. Hapo kichwa kinapindwa kidogo shingoni. Kile kilichofuliwa kwa chuma laini kinakubali. Kile cha kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi ni kigumu. Nilishawahi kulazimisha kimoja, kikapasuka kama biskuti.

Na kishikio. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Mtu anayepiga kwa kulia anashika fimbo na mkono wa kushoto juu. Akifunga mkono huo, kidole cha kati na cha pete vinatakiwa viguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Vikizama ndani, kishikio ni chembamba. Visipofika, ni kinene. Kwa hiyo kabla sijazungusha mpira wa baiskeli namwambia mtu afungue kiganja cha kushoto, nakiangalia. Urefu wa vidole, sugu ziko wapi, kama kuna kidonda. Nimeshaangalia viganja vingi vya kushoto kwa sababu hiyo.

Sehemu ya pili ya ufundi huu nimeipata kwa bamdogo, Geita. Bamdogo ni fundi wa moko. Moko ni ile patasi nene ya chuma ambayo mchimbaji mdogo anaishika kwa mkono mmoja ndani ya duara na kuigonga kwa nyundo kwa mkono mwingine, mwamba upasuke. Ukigonga mwamba kutwa nzima moko inakufa makali, kwa hiyo jioni foleni kwa bamdogo haiishi. Ana mivukuto, rundo la mkaa, na springi za gari zilizokatwakatwa. Anaupasha mdomo wa moko uwe mwekundu, anaufua, anautumbukiza kwenye maji, anautoa haraka na kuangalia rangi inavyotembea kwenye chuma kabla hajautumbukiza tena. Akizidisha unavunjika, akipunguza unakunjamana. Hana kipimajoto. Ana macho.

Upande ule kufua chuma hakukuletwa na dhahabu. Warongo wa Buzinza walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe miaka mingi kabla ya wakoloni, na majembe hayo yalifika Usukumani, mengine yakatumika kama mahari. Bamdogo akisifiwa anasema yeye ni mjukuu wa Warongo. Si kweli, ni Msukuma mwenzetu, lakini anapenda kusema.

Nilichojifunza kwake ni kimoja. Mteja akija kutaka mpini wa nyundo, bamdogo hamuulizi ukubwa. Anasema, "Lete mkono." Anaushika, anaugeuza, anaubonyeza hapa na pale. Kisha anachagua mpini. Nilimuuliza kwa nini asiwe na saizi tatu kama dukani. Akasema, "Dukani hawajui anayenunua atarudi kesho akiwa na vidole vingapi."

Sasa TP.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoa wa Geita, sitaitaja, kama dakika ishirini kwa bodaboda kutoka kwa bamdogo. Nikaomba kulala kwake. Nilibeba begi la nguo, maandalio ya masomo, na fimbo zangu tatu kwa sababu nilijua pale kuna moto na nyundo, nitamalizia kazi jioni. Asubuhi nilikuwa ticha wa Fizikia kidato cha pili, jioni nilikuwa mvukuta mivukuto.

Jumanne ya wiki ya pili nilifika mapema. Getini kulikuwa na wachelewaji kumi na mmoja wamepiga magoti. Mwalimu wa zamu alikuwa amechoka, nadhani alikuwa peke yake tangu alfajiri. Akanipa fimbo. "Ticha wa mazoezi, hao ni wako. Anza kuzoea."

Mwaka wa pili tulisoma kanuni za adhabu ya viboko, zile za mwaka 2002. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa na mkuu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Viandikwe kwenye kitabu. Mimi sikuwa nimeteuliwa kwa maandishi wala kwa mdomo, na hakukuwa na kitabu chochote pale getini. Yote hayo nilikuwa nayajua, karatasi ile nilipata A. Lakini wanafunzi walikuwa wananitazama, mwalimu wa zamu ananitazama, na mimi nina miaka ishirini na moja, nataka kuonekana mwalimu. Nikaishika fimbo.

Viwili viwili, mkononi. Wengi walitoa mkono na kuurudisha haraka, wakipuliza, wakikimbia darasani. Wa mwisho alikuwa mvulana wa kidato cha pili, darasa langu, anakaa nyuma karibu na dirisha. Alinyoosha mkono wa kushoto. Nikachapa. Hakuurudisha. Nikachapa cha pili. Ndipo nikauangalia.

Chini ya dole gumba palikuwa pamevimba. Ngozi ilikuwa imechanika na kuanza kukauka. Kucha ya kidole cha shahada ilikuwa nyeusi. Ule ni mkono unaoshika moko. Nyundo ikikosea, inapiga pale. Kwa wiki nzima nilikuwa nimekaa kwa bamdogo nikiiona mikono ya namna ile kila jioni, na kabla ya hapo nilikuwa na miaka kadhaa ya kuwaambia watu wafungue kiganja cha kushoto nikiangalie kwanza, kabla sijagusa kitu. Huyu alikuwa amenifungulia mwenyewe.

Alinipa wa kushoto kwa sababu wa kulia ni wa kuandikia. Hilo nililielewa baadaye, nikiwa kwenye bodaboda.

Jioni nilimweleza bamdogo. Sikujua nategemea aseme nini. Alikuwa anafua, hakusimama.

"Ulimuangalia mkono baada ya kumpiga?"

"Ndiyo, bamdogo."

"Mimi ningeuza mipini hivyo, ningeshafunga kibanda." Akatumbukiza moko kwenye maji. "Vukuta, moto unazima."

Kesho yake nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba sitachapa tena, sina barua ya mkuu. Alicheka, akasema wa vyuo vikuu tuna maneno mengi. Sikumlaumu. Akanipa kazi ya kuhesabu madawati.

Wiki ya tatu mada ilikuwa momenti ya kani. Shule haikuwa na maabara ya maana, kwa hiyo nilienda darasani na fimbo zangu tatu. Nilipoingia, darasa zima likanyamaza. Wa mbele wakaficha mikono chini ya meza. Ilinichukua sekunde kadhaa kuelewa: mwalimu ameingia na fimbo, tena tatu, tena za chuma. Kwa Kiswahili chetu zote ni fimbo. Niliziweka mezani, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasema hizi ni za mchezo, hazichapi mtu. Hawakuniamini mpaka nilipompa kila kundi moja waisawazishe juu ya ukingo wa rula.

Walitafuta mahali inapotulia bila kuangukia upande. Ikawa karibu sana na kichwa. Tukapima umbali, tukazidisha uzito kwa umbali, upande huu na upande ule, hesabu zikakaribiana. Wakaanza kugombania fimbo. Nikauliza kwa Kiingereza, kama tunavyotakiwa: kwa nini fupi ina kichwa kizito kuliko ndefu? Kimya. Kisha mkono ukanyooshwa kule dirishani. Wa kulia safari hii.

"Mwalimu, naomba nijibu kwa Kiswahili."

"Jibu."

"Mpini mfupi hauna mwendo. Kwa hiyo kichwa lazima kiwe na uzito, ndiyo pigo liwe pigo. Nyundo za kule chini ndiyo zilivyo. Ndani ya duara huwezi kuzungusha mpini mrefu, utagonga matimba."

Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri kuliko vile, na nimesoma vitabu vya Fizikia vya kutosha. Niliandika ubaoni alichosema kwa Kiingereza, nikaweka jina lake pembeni. Darasa likapiga makofi.

Baada ya kipindi nilimwita. Nilimwomba radhi kwa vile viboko. Alisema, "Haina shida, mwalimu," kama wanafunzi wanavyosema kwa kila kitu, hata kikiwa na shida. Sikuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akasema siku nyingine anaingia duarani usiku na kaka yake, wanatoka alfajiri, ndiyo maana anachelewa. Sikumpa mawaidha. Nilimuuliza kama naweza kumpima, nimtengenezee fimbo. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Kutoka kiwiko cha mkono mpaka chini, sentimita 79. Mkono mdogo, vidole vifupi, dole gumba bado limevimba kwa hiyo kishikio nikakipunguzia mzunguko mmoja wa mpira kiwe chembamba, aweze kukikamata bila kulibana. Nilichukua kichwa cha namba 8. Bomba nikalikata inchi moja na nusu, na kwa sababu ya kulikata nikaongeza chubwi nyuma ya kichwa. Bamdogo alinisaidia kupinda shingo. Gundi niliiacha siku mbili, safari hii sikuwa na haraka. Mwendo wake niliujaribu mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, ili niwe na kimo chake. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni wakaniona mwehu.

Ilikuwa tayari wiki ya tano. Yeye alikuwa ameacha kuja wiki ya nne. Mwalimu wa darasa alisema kuna mahali pametoka dhahabu, kaka yake ameenda kwenye rashi, na dogo amemfuata. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Kwenye rejista yake kulikuwa na majina mengine yenye alama nyekundu za namna hiyo.

TP ikaisha. Fimbo nikamwachia bamdogo.

Januari mwaka huu, siku mbili kabla bumu haijaingia, nikiwa sina hata hela ya vocha, bamdogo akanipigia. Dogo alipita kunoa moko. Akauliza, "Ticha yupo?" Bamdogo akamtolea fimbo. Akaishika, akafunga mkono wa kushoto, akaizungusha hewani mara mbili.

"Ameichukua?" niliuliza.

"Hapana. Amesema kambini itaibwa, wataipima kilo. Niitunze." Kisha bamdogo akanyamaza kidogo. "Ameuliza kama shule inapokea mtu aliyetoroka."

Inapokea. Waraka wa serikali wa mwishoni mwa 2021 unaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi kwenye mfumo rasmi. Huo nao tumeusoma. Safari hii sikuishia kwenye A. Niliazima simu yenye salio kwa yule mshikaji wangu wa chumbani, nikampigia mkuu wa shule. Alinikumbuka, "yule wa fimbo za gofu." Akasema aje na mzazi au mlezi, waongee. Nikamwambia bamdogo. Bamdogo akasema dogo akirudi kunoa atamwambia. Moko huwa inakufa makali, kwa hiyo lazima atarudi, ila hatujui lini.

Ndugu zangu wa Elimu, mwezi wa saba wengi wenu mnaenda TP. Getini mtapewa fimbo, mniamini. Mtu atawaambia muanze kuzoea. Mimi siwezi kuwahubiria, nilishaipokea. Nawaambia tu nilichokiona kwenye kiganja kile, na kwamba ningekiona bila kupiga kama ningetumia kipimo kilekile ninachokitumia kwa mtu anayetaka fimbo ya kuchezea.

Chini ya kitanda changu sasa kuna fimbo mbili tu. Ya tatu niliitoa kichwa chake, kile cha namba 8. Mshikaji wa chumbani naye ameanza kuomba yake. Jana nilimsimamisha koridoni, mikono inaning'inia, nikampima mpaka chini. Sentimita 88. Akaniuliza kwa nini simpi tu moja ya hizi zilizopo.

Nikamwambia, "Lete mkono."